Mnyama atokaye baharini: tumsomeje?

SWALI: Katika darasa letu la Biblia tumefika Ufunuo sura ya 13, na kila mtu ana mnyama wake. Mmoja anasema ni serikali fulani ya leo, mwingine anashikilia kuwa ni kompyuta. Je, ipo njia ya kufasiri alama hizi bila kubahatisha? Na iweje simba awe Kristo mahali pamoja, kisha awe Ibilisi mahali pengine?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuuliza mnyama huyo ni nani leo, uliza kwanza Yohana, mwandishi wa Ufunuo, alimtoa wapi. Fungua Danieli 7 uisome sambamba na Ufunuo 13. Danieli aliona wanyama wanne wakitoka baharini: wa kwanza kama simba, wa pili kama dubu, wa tatu kama chui mwenye vichwa vinne, na wa nne wa kutisha, mwenye pembe kumi. Yohana anamwona mmoja tu, mfano wa chui, mwenye miguu ya dubu na kinywa cha simba. Yaani ni wale wale, ila wametajwa kinyumenyume. Sasa hesabu vichwa vya wanyama wa Danieli: kimoja, kimoja, vinne, kimoja. Jumla ni saba, na pembe ni kumi, sawasawa kabisa na mnyama wa Yohana. Na kwa kuwa Danieli anaelezwa waziwazi kwamba wanyama wale ni wafalme (7:17), na kwamba yule wa nne ni ufalme (7:23), mnyama wa Yohana naye hana budi kusomwa kama utawala. Kwangu mimi, suala la kompyuta linaishia hapo.

Hivyo ndivyo Maandiko yanavyojifasiri mara nyingi. Katika Danieli 8 malaika anasema kondoo mume ni wafalme wa Umedi na Uajemi, na beberu ni mfalme wa Uyunani. Katika Ufunuo 17:15 maji ni mataifa na lugha. Hata hivyo, tusifanye kamusi ya alama, maana katika 17:9-10 malaika anasema vichwa saba ni milima saba, na papo hapo anasema ni wafalme saba.

Ni utawala upi, hapo wafasiri wanaachana: wengine huona Roma ya siku za Yohana, wengine mfululizo wa historia ya kanisa, wengine mambo yajayo. Tofauti hizo zinavumilika. Hatari ni kutaja tarehe: wafuasi wa mhubiri William Miller, huko Marekani, waliopiga hesabu kutokana na siku 2,300 za Danieli 8:14, walimngoja Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, na siku ikapita.

Kuhusu simba, tazama ni sifa gani ya mnyama huyo inayotumiwa. Petro anazungumzia njaa yake: angurumaye, akitafuta mtu ammeze (1 Petro 5:8). Ufunuo 5:5 unazungumzia enzi yake, kwa kurejea Mwanzo 49:9, ambapo Yuda anaitwa mwana-simba. Tena Yohana, aliyeambiwa habari za Simba, alipotazama alimwona Mwana-Kondoo, amesimama kana kwamba amechinjwa.