Unga wa rangi rangi katikati ya mzinga

SWALI: Nina mzinga wa Langstroth (wa masanduku yenye fremu za kutoa na kurudisha) nyuma ya nyumba, Karen, Nairobi. Juzi nilipoufungua nilikuta fremu mbili za katikati zimejaa unga uliogandamana, wa manjano, wa machungwa na wa kahawia, tena haujafunikwa kwa nta. Je, ni ugonjwa? Nizitupe?

JIBU: Usizitupe, dada yangu. Hiyo ni chavua, unga ambao nyuki huuokota mauani. Asali huwapa nyuki nguvu, lakini protini yao hutoka kwenye chavua. Nyuki walezi huila, wakapata maziwa ya kuwalishia majana, yaani watoto wa nyuki, ndiyo maana huwekwa karibu: majana katikati, chavua ikiyazunguka kama ukanda, asali juu.

Nyuki mwenye nekta, maji matamu ya maua, humkabidhi mwenzake mzigo, akarudi mauani. Mwenye chavua hufika mwenyewe kwenye sega, akadondosha matonge yake mawili ndani ya kijumba, yaani kitundu kimoja cha sega. Wa ndani huishindilia kwa kichwa na kuichanganya na asali kidogo. Kwa kawaida nyuki hushika aina moja ya ua katika safari moja, ila kijumba kimoja hupokea mizigo ya wengi. Kichokoe kwa njiti ya kiberiti, utaona rangi zimepangana tabaka kwa tabaka. Hakijazwi hadi ukingoni wala hakizibwi kwa nta kama cha asali. Njiti ikitoka na kitu cha kahawia kinachovutika kama gundi na kunuka, hapo ndipo uhofie ugonjwa.

Mimi kinachonitia wasiwasi ni mahali penyewe. Katikati ni pa malkia kutaga. Majana yakikosekana, chavua hukosa wa kuila ikalundikana. Kwa hiyo, kabla ya kuhamisha chochote, tafuta mayai, meupe na membamba, chini kabisa ya vijumba. Yai huanguliwa baada ya siku 3, hivyo ukiyaona, malkia alikuwa akitaga juzi tu. Basi sogeza fremu hizo mbili pembeni mwa majana, katikati uweke masega matupu yaliyokwisha kujengwa.

Usipoona yai wala jana, azima kwa mfugaji mwenzako fremu yenye mayai. Nyuki wakijenga juu yake vijumba virefu vinavyoning'inia, wanajilelea malkia mpya, waache.

Ufanye jioni, bomba la moshi la kutuliza nyuki likiwa tayari. Nyuki wetu ni wakali, na jirani aambiwe mapema afungie mbwa wake ndani.