Laini Usiyoijua, Kopi ya NIDA na Kamera ya Jirani: Majibu kwa Wasomaji

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii kutoka Dodoma mjini, Bahi na Kongwa yanaulizia jambo moja: nani anaruhusiwa kuchukua taarifa zangu, na akishazichukua anazipeleka wapi? Majina ya waulizaji nimeyaacha.

Nilisajili laini ya simu kwa wakala, kijana wa mwamvuli pale Majengo. Aliniwekesha kidole mara nne, kila mara akisema mtandao unasumbua. Wenzangu hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanasema nimeshaibiwa. Ni kweli? (Mwanafunzi)

Huenda hujaibiwa, ila usikae ukisubiri kujua. Chukua simu yako, piga *106#, fuata maelekezo mpaka uone namba zote za simu zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho chako kwenye duka la mtandao husika, siyo kwa wakala, ukaombe ifutwe mbele yako.

Nieleze kwa nini nakuharakisha. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchi nzima Mei 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tangu hapo laini haiwi hai bila kidole cha mtu. Tapeli anayetuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawezi kutumia kidole chake mwenyewe, kwa hiyo anatafuta cha mwingine. Wakala asiye mwaminifu anajua mteja ana haraka, jua ni kali, na neno "mtandao" halibishiwi. Kidole cha kwanza kinasajili laini yako, cha pili kinasajili laini iliyo mfukoni mwake. Siku mtu akitapeliwa kwa namba hiyo, polisi wanaanza na jina lililo kwenye mfumo, nalo ni lako.

Mawakala wengi ni vijana wanaotafuta riziki kwa haki, na mtandao husumbua kweli. Vidole vya mkulima au fundi ujenzi, vilivyolika kwa jembe na saruji, mashine huvisoma kwa shida hata wakala awe mwaminifu kiasi gani. Kwa hiyo kurudia kidole peke yake si ushahidi wa wizi. Lakini una haki ya kusema, "Kaka, geuza hicho kifaa nione kimeandika nini." Akikataa kukionyesha, toa kidole, chukua kitambulisho chako, ondoka. Ujumbe wa kitapeli ukikufikia, usiufute: utume kwenda 15040, utaombwa namba iliyokutumia.

Nikitaka kopi ya kitambulisho huwa napiga picha NIDA yangu, namtumia mwenye steshenari kwa WhatsApp, anatoa nakala. Kuna ubaya? (Mkazi wa Chang'ombe)

Upo, na hili linaniumiza kwa sababu karibu kila mtu mjini anafanya hivyo. Shilingi chache za kopi zinakufanya uache kwenye simu ya mtu usiyemfahamu picha yako, jina lako kamili, sahihi yako na namba yako ya NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa jiulize namba ya siri ya pesa zako za simu ni ipi. Wengi wetu tumeweka mwaka wa kuzaliwa. Kama na wewe umo, ibadilishe leo kabla ya kulala.

Mwenye duka anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini kompyuta ile inatumiwa na wasaidizi, watoto wake na wateja wanaochomeka flashi zao. Nenda na kadi yenyewe, itolewe kopi mbele yako, uirudishe mfukoni. Ikilazimu kutuma, futa ujumbe kwa pande zote mbili kabla hujatoka dukani, na umwombe afute faili kwenye kompyuta ukiwa umesimama hapo. Juu ya kopi yenyewe andika kwa kalamu kazi yake na tarehe: "Kwa ajili ya maombi ya kiwanja tu." Maandishi yapite juu ya picha bila kuifunika sura. Ofisi makini haitaikataa, na mtu wa kati atashindwa kuitumia kwingine. Kopi zilizoharibika usiziache, kwani nimefungiwa maandazi kwa kopi ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu.

Gesti za huku stendi ya Nanenane daftari la wageni linawekwa wazi mezani. Nikiandika naona nani alilala jana, katoka wapi, kabila gani, simu yake. Wanaruhusiwa? (Dereva wa lori)

Kuandikisha wageni wanatakiwa, kwa usalama wako na wa wengine. Kuanika daftari ni jambo jingine kabisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, inayofanya kazi tangu 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa lengo halali, asichukue zaidi ya zinazohitajika, na azilinde zisifike kwa wasiohusika. Mwombe mhudumu afunike mistari ya juu kwa karatasi. Mwenye gesti anayesoma hapa, weka daftari nyuma ya kaunta na umwandikie mgeni wewe mwenyewe. Haikugharimu kitu.

Mbukwenyi. Mimi ni mzee wa Bahi. Nawasikia vijana wakilalamikia kamera na vitambulisho. Mtu mwema ana nini cha kuficha? Enzi zetu balozi wa nyumba kumi alijua kila mgeni, na tulilala salama.

Shikamoo mzee wangu. Balozi wako alijua mgeni kaingia, lakini na wewe ulimjua balozi. Ulijua nyumba yake, tabia yake, na akisema ovyo ulimshtaki kwa wazee. Anayeshika taarifa zangu leo simjui, na hatukai mtaa mmoja.

Na wema wana mengi ya kusitiri, mzee. Mama aliyemkimbia mume anayempiga akapanga chumba Nkuhungu hana kosa lolote, ila mtu wa ndani ya kampuni ya simu akiuza taarifa za mahali simu yake ilipo, anaweza kufa. Binti anayechukua dawa zake kliniki hajamdhulumu mtu. Mkulima aliyeuza zabibu zake akalipwa kwa simu hataki kijiji kizima kijue salio lake usiku huo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Haikuwatenga wasio na cha kuficha. Vitambulisho navitaka, na kamera penye uhalifu naziunga mkono. Ninachodai ni kwamba anayenitazama naye awe na wa kumtazama.

Mpwa wangu alikopa mtandaoni. Sasa natumiwa ujumbe kwamba mimi ni mdhamini wa mwizi, na picha yake wanaisambaza kwa ndugu wote. Sikudhamini chochote. (Mama wa Kibaigwa)

Pole sana, mama. Mpwa wako alipopakua ile programu, aliiruhusu kusoma namba zote kwenye simu yake. Hapo ndipo wewe ulipoingia, bila kuulizwa. Deni ni lake na sheria ya kudai deni ipo, ila haimruhusu mkopeshaji kumdhalilisha mkopaji kwa ndugu zake wala kukugeuza mdhamini kwa sababu tu namba yako iko kwenye simu ya mtu.

Usiwajibu na usiwalipe hata mia. Piga picha za ujumbe wote, namba na tarehe zionekane. Angalia jina la programu hiyo: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Ushahidi huo upeleke polisi, na malalamiko yaende Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo makao yake yako hapa hapa Dodoma. Mpwa wako naye aende kwenye mipangilio ya simu aiondolee programu ruhusa ya namba na picha, kisha aifute. Kuifuta hakurudishi walichokwisha kuchukua, lakini kunawazuia kuongeza.

Jirani yangu Ipagala kafunga kamera inayotazama uani kwangu, tunapoogea na kuanika nguo. Nifanyeje?

Kamera ya kulinda geti lake ni haki yake. Kutazama uani kwako si ulinzi wa geti. Anza kwa kumwendea kwa heshima, umwombe akuonyeshe kwenye simu yake inanasa nini, maana mara nyingi fundi ndiye aliyeipinda vibaya na mwenyewe hajui. Akigoma, nenda kwa mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa, na uombe yaandikwe. Ikishindikana hapo, una njia ya Tume na ya mahakama. Kamera kwenye bafu au chumba cha kubadilishia nguo, awe jirani, dukani au hotelini, hiyo hupiti kwa mjumbe. Nenda polisi moja kwa moja.

Shule ya mwanangu inabandika mtandaoni picha za watoto na majina kamili. (Mzazi)

Taarifa za watoto sheria inazihesabu kuwa nyeti, na taarifa nyeti zinataka ridhaa ya maandishi. Andika barua fupi kwa mwalimu mkuu ukikataa, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Mkopeshaji wa mtaani anashikilia kadi yangu ya NIDA mpaka nimalize deni. (Bodaboda, Sabasaba)

Kadi ya taifa haiwekwi rehani, ndugu yangu. Mdai kwa maneno mbele ya shahidi, na akikataa mtaje polisi. Usidanganye kwamba imepotea ili upewe nyingine, utaingia kwenye kosa jipya. Mkishamalizana, piga *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa namba yako wakati kadi ikiwa kwake.