Nyiru si mrefu, ila maji yako mbali: maswali ya wapandaji

Wasomaji wengi wanauliza juu ya Mlima Nyiru, ule unaosimama peke yake kwenye ukame wa Kaunti ya Samburu, kusini mwa Ziwa Turkana. Kilele chake, Mowongosowan, kina mita 2,752. Chini yake ni mawe, mchanga na migunga, na juu kuna msitu wa mitarakwa unaonyweshwa na ukungu. Kwa kupanda na kushuka tunashauri siku nne, na wengi hawakubali. Tumechagua maswali saba.

Nimefika Uhuru mara mbili. Nyiru yenu haizidi sana kibanda cha Mandara, tena Mandara mtu anafika kabla ya chai ya jioni. Siku nne za nini? (Msomaji, Moshi)

Hesabu yako ya kimo ni sahihi. Mandara iko mita 2,720, kwa hiyo Nyiru imeipita kwa kimo cha nyumba ya ghorofa kumi hivi. Lakini angalia unapoanzia. Geti la Marangu tayari liko karibu mita 1,900, ndani ya msitu, kwenye njia iliyotengenezwa na yenye vijito. Kijiji cha South Horr kiko kama mita 1,100, na kutoka hapo hadi kileleni ni mita 1,650 za kupanda, karibu mara mbili ya siku yako ya kwanza Kilimanjaro. Nusu ya chini haina kivuli cha kukutosha wewe na begi lako.

Mwenye mzigo wa kilo 12 kwenye joto hilo ahesabu mita 300 za kimo kwa saa. Hizo ni saa tano na nusu za kupanda tu. Weka mapumziko ya dakika 10 kila saa na mwendo wa tambarare kabla ya mwinuko kuanza, utapata saa saba, na mara nyingi zaidi. Ukiondoka saa kumi na nusu alfajiri, saa nne asubuhi itakukuta umepita mita 2,000, ambako hewa ni baridi kuliko kijijini kwa takriban digrii 6. Ukiondoka saa mbili kwa sababu chai ilichelewa, jua la saa sita litakukuta katikati ya mawe.

Siku nne zinagawanyika hivi. Ya kwanza ni ya kijijini: wazee, mwelekezi, punda, maji. Ya pili ni kupanda hadi ukingo wa msitu na kulala hapo. Ya tatu ni kileleni na kurudi kambini, na ya nne ni kushuka. Wenye haraka huunganisha ya tatu na ya nne. Hapo ndipo watu huanguka, kwa sababu kwenye mlima wa jangwani kushuka ni kuingia kwenye joto, si kulikimbia. Mtu anatoka kileleni mchana, miguu imechoka, chupa iko robo, na kila mita 100 anayoshuka hewa inazidi kuchemka. Laleni juu, mshuke saa kumi na mbili asubuhi.

Nibebe maji lita ngapi? Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu wanakupa lita kwa siku, na jangwani maji huhesabiwa kwa saa za kutembea. Kabla jua halijashika, nusu lita kwa saa inatosha. Likishashika, robo tatu ya lita, na mwenye kutoka jasho sana lita nzima. Ukiondoka saa kumi na nusu alfajiri na kufika saa tano na nusu, hiyo ni kama lita 5. Ongeza lita 1 ya akiba isiyoguswa mpaka uone kwa macho yako maji yanayotembea. Tunasema kwa macho yako, maana "kuna chemchemi pale juu" ni kweli mwezi wa Juni, na mwishoni mwa kiangazi inaweza kuwa tope lenye kwato za ng'ombe. Lita 6 ni kilo 6, kabla ya chupa zenyewe. Kwa kushuka, lita 4 kila mtu.

Yagawe kwenye vyombo vitatu au vinne. Mfuko wa maji wa kuweka mgongoni, wenye mrija, ni mzuri kwenye milima ya Aberdare. Hapa mwiba mmoja wa mgunga unakumalizia lita 3 mgongoni huku ukidhani ni jasho. Maji yaliyobaki kwenye mrija nayo huwa moto kama ya kuogea. Chupa ngumu za lita 1 na nusu na jerikeni ya lita 5 ni bora. Ila jerikeni za mafuta ya kupikia zina ugonjwa wake: kale kapete ka mpira ndani ya kifuniko hupotea zinapooshwa. Siku mbili kabla ya safari ijaze, ilaze ubavu juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti likiwa na doa, tafuta jerikeni nyingine.

Maji ya mlimani yasafishwe hata yawe meupe, kwa kuwa mifugo hunywa humo humo. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa leso iliyokunjwa mara nne, uyaache yatulie, kisha utie dawa ya klorini kwa kipimo cha pakiti na kungoja dakika 30. Klorini ndani ya maji machafu inamalizikia kwenye tope, vijidudu vinabaki. Ukichemsha, yatokote dakika 1 ukiwa bondeni, dakika 3 ukipita mita 2,000.

Na usinywe maji matupu siku nzima. Jasho hubeba chumvi, na anayejaza maji bila kuirudisha hupata kichefuchefu na kichwa kinachogonga, halafu wenzake wanamzidishia maji yale yale. Pakiti mbili za ORS (chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji) kwa siku, au njugu za chumvi kila mnapopumzika. Soma pakiti kabla ya kukoroga, kuna za nusu lita na za lita nzima. Huna pakiti? Maji lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Kipimo cha mwisho ni mkojo: ukiwa rangi ya chai ya rangi, simameni kivulini, mnywe, mpumzike.

Gari langu ni la magurudumu manne. Nipite Maralal au Laisamis? (Msomaji, Nakuru)

Njia ya Maralal na Baragoi ndiyo fupi, kama kilomita 140 kutoka Maralal hadi South Horr, na ndiyo yenye mawe na historia ya wizi wa mifugo upande wa Baragoi na bonde la Suguta. Njia ya Laisamis ni ndefu lakini ilitengenezwa kupitisha malori ya mitambo ya umeme wa upepo ya Ziwa Turkana, kwa hiyo ni pana. Uamuzi hautoki kwenye ramani. Utoke kwa polisi na madereva wa malori siku ile ile, na jibu la wiki iliyopita usilitumie.

Jaza mafuta Maralal. Kwenda na kurudi ni kilomita 280, na gari zito kwenye gia ndogo hula lita 1 kwa kilomita 5. Hizo ni lita 56, beba 90. Spea mbili, si moja. Mwiba wa mgunga haupasui tairi kwa kishindo. Unaingia, unavunjikia humo, upepo unatoka taratibu hadi usiku, na fundi asipoutoa kwa koleo utatoboa na tubu mpya. Ukizama kwenye mchanga wa laga (mto mkavu), acha kukanyaga mafuta. Punguza presha ya tairi hadi PSI 18, ondoa mchanga mbele ya magurudumu yote manne, toka polepole. Lakini uwe na pampu. Tairi ya 18 kwenye mawe ya Baragoi inapasuka ubavuni, na ubavu hauzibwi.

Laga kavu haina maana kwamba ni salama. Mvua inanyesha mlimani, wewe uko chini ya anga ya buluu, maji yanakuja na magogo. Usipige hema humo hata mchanga uwe laini kama godoro. Likijaa, ngoja. Mara nyingi linapungua ndani ya saa chache, na uvuke tu baada ya mtu kulipima kwa miguu na maji kubaki chini ya goti.

Kuna geti? Naweza kupanda bila mwelekezi nikiwa na GPS? (Msomaji, Nairobi)

Geti hakuna, na hilo ndilo linalowapotosha watu. Kwa Wasamburu, Nyiru ni mlima mtakatifu, makao ya Nkai, yaani Mungu, na wazee hupanda kuomba. Ni malisho ya kiangazi pia. Ukionekana peke yako huko juu na begi kubwa, swali la kwanza la morani halitakuwa "habari ya safari." Nenda kwa chifu, eleza mko wangapi na mnalala wapi, uliza na afisa wa misitu, kisha wazee wakupe mtu wao. Elewaneni malipo mbele ya chifu, kwa siku, pamoja na siku ya kurudi, na nani anamlisha. Vitu vitatu hivi visiposemwa kijijini vitasemwa kambini usiku.

GPS itakuonyesha kilele. Haitakuonyesha njia ya ng'ombe ipi inafika na ipi inaishia kwenye genge, na ndani ya msitu ziko nyingi zinazofanana. Rekodi njia unapopanda, uifuate kushuka ukungu ukifunga. Ramani za Survey of Kenya za kaskazini ni za kipimo cha 1:100,000, sentimita moja ni kilomita nzima. Zinafaa kujua uko upande gani wa mlima, hazifai kuchagua bonde la kushukia.

Punda apewe kilo 40, asizidi, na aishie mawe yanapoanza.

Tumepanga kupika maharage na mchele. Gesi mtungi mdogo mmoja kwa watu wanne unatosha? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa mchele labda, kwa maharage hapana. Karibu mita 2,500 maji hutokota kwenye digrii 91 au 92, kwa hiyo maharage makavu yatakula gesi yote na bado yatagonga jinoni. Yapike nyumbani, uyakaushe, au ubadilishe kwa dengu zilizokobolewa, zilowekwe tangu mchana. Unga, chapati za siku ya kwanza, tende, njugu. Tende za Pwani hapa zina thamani kuliko biskuti yoyote, haziyeyuki wala hazivunjiki. Mitungi ya gesi inunuliwe Nairobi. Msikate mtarakwa kwa kuni.

Niko Muscat, likizo yangu ni Desemba, na mlima wa huku, Jebel Shams, nimeuzoea. Nije? (Msomaji, Oman)

Desemba mwanzoni mvua za vuli zinaweza kuwa bado zinanyesha, na malaga hayaaminiki. Sogeza Januari au Februari. Ukishindwa, Juni hadi Septemba. Machi hadi Mei usije. Na sweta ya Jebel Shams ije nayo: usiku wa ukungu na upepo msituni unahitaji sweta, koti la mvua na mfuko wa kulalia wa baridi.

Mlima Kulal je, ni rahisi zaidi? Na mtu akiumia huku, nani anakuja? (Msomaji, Eldoret)

Kulal, mita 2,285, ni rahisi kwa kuwa gari linafika Gatab, kijiji kilicho juu kusini mwa mlima. Lakini korongo la El Kajarta limeupasua, na vipande viwili vinaungana kwa ukingo mwembamba, basi usiangalie ramani ukadhani utatembea juu kwa juu kutoka kusini hadi kaskazini. Tena upepo: mitambo 365 ya umeme haikuwekwa kati ya Kulal na Nyiru kwa bahati. Upepo hupita katikati kama kwenye mlango, na bondeni huzidi usiku. Vigingi kwenye mchanga vinang'oka. Jaza mawe kwenye mifuko ya unga, fukia kina cha mkono hadi kiwiko, funga kamba za hema hapo.

Mtu akiumia, wa kwanza kufika ni wenzake. Kwa nyoka: vua pete na viatu, mlaze, funga mguu kwa gongo usitikisike kama uliovunjika, usichanje, usinyonye, usikaze kamba, mbebeni. Ndege za madaktari, kama za Amref, hutua kwenye viwanja vidogo kama vya Loiyangalani au Baragoi. Hazimchukui mtu mteremkoni. Kwa hiyo saa za kubeba machela hadi barabarani, na za gari hadi kiwanjani, ni zenu. Lipieni bima ya kusafirishwa kabla ya kuondoka, na mwacheni mtu mmoja mjini na karatasi yenye majina, aina za damu, njia, namba ya gari, na saa: tusipopiga simu kufikia saa mbili usiku wa siku ya nne, mpigie chifu, kufikia saa mbili asubuhi, piga polisi na bima.