Piano ya kanisa imeshuka nusu toni: tuivute au tuiache?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mikindani, Mtwara. Kanisani tumeachiwa piano ya zamani, ile ya kusimama, yenye fremu ya chuma. Imeshuka karibu nusu toni nzima, kwa hiyo haipigiki pamoja na kinanda cha umeme. Masika vibonye kadhaa vikibonyezwa havirudi. Kuna fundi wa magitaa anasema atapulizia mafuta ndani, kisha atazikaza nyuzi, yaani ataivuta mpaka 440 (kipimo cha kawaida cha noti ya A, mitetemo 440 kwa sekunde) siku hiyohiyo. Tumpe kazi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mafuta hapana kabisa, na tafadhali mwambie mapema. Ndani ya piano kila kiungo kina pini nyembamba inayozunguka kwenye kitambaa cha sufu. Mafuta yakiingia humo hunasa vumbi na baada ya muda yanakuwa ulimbo. Yakichuruzika hadi kwenye ubao unaoshika pini za nyuzi, pini zinalegea, na ubao huo hausafishiki tena.

Vibonye vinakwama kwa sababu ya unyevu. Chomoa kilichokwama, minya taratibu kwa plaizi bapa ile sufu iliyo kwenye matundu yake, futa kutu kwenye pini kinapokaa, kirudishe. Kama kibonye kiko huru lakini nyundo ndiyo inayorudi kwa uvivu, weka tone moja la spiriti na maji, nusu kwa nusu, kwenye kiungo cha nyundo. Iache ikauke mpaka kesho yake kabla hujaijaribu.

Kuivuta ndiko kunakonitia wasiwasi. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na kwa jumla zinaivuta fremu kwa nguvu ya tani 15 hadi 20. Kupandisha nusu toni kunaongeza mvuto wa kila uzi kwa asilimia 12 hivi. Uzi mzima unavumilia. Uzi uliokula chumvi ya bahari miaka na miaka unakatika, na mara nyingi ni pale unapojizungusha kwenye pini, mahali ambapo kutu haionekani mpaka uinamie na tochi.

Kwa hiyo fundi apime kwanza. Awe na ufunguo wenyewe wa piano, ule wa kuzungushia pini za nyuzi. Akishika pini kwa plaizi au spana, kona zake zitalika na hakuna atakayeweza kuzishika vizuri tena. Achague noti chache za besi, za kati na za juu. Uzi wenye kutu asiuvute juu moja kwa moja: aushushe kidogo sana mpaka asikie mlio mdogo, "tik", maana hapo kutu imeachia, ndipo apandishe. Kisha aondoe mkono na asikilize kwa dakika chache. Pini nzima unaihisi mkononi inakataa, na inabaki pale ulipoiacha. Iliyolegea inazunguka kama kijiko kwenye uji, na sauti inashuka huku unaisikia. Zikiwa chache, supaglu ile ya majimaji, ikidondoshwa shinani mwa pini, huzikamata tena. Zisipokamata, zitiwe pini nene zaidi kidogo.

Nyuzi zikistahimili majaribio, ivuteni, lakini si kwa siku moja. Raundi ya kwanza ni ya kupandisha tu, kwa sababu kila uzi unaovutwa unaongeza mzigo kwenye ubao wa sauti, na nyuzi zilizotangulia zinashuka. Kusikiliza kwa makini ni raundi ya pili. Baada ya wiki chache itahitaji kurudiwa, basi mpatane malipo ya awamu zote tangu mwanzo.

Zikianza kukatika, acheni, wala msione mmeshindwa. Ityuniwe vizuri hukohuko chini, nusu toni kamili, yaani noti ya A iwe 415 badala ya 440, halafu kinanda cha umeme mkiweke kwenye transipozi ya −1, yaani nacho kishuke nusu toni. Vitapatana bila shida, na waimbaji wa sauti ya kwanza watapata nafuu kwenye noti za juu. Hiyo 440 yenyewe ni makubaliano ya mkutano wa London wa 1939. Ufaransa mwaka 1859 ilikuwa imeweka 435. Mimi naheshimu zaidi piano iliyopatana yenyewe kwa yenyewe kuliko iliyofikishwa 440 ikiwa na nyuzi pungufu.

Huku kusini mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Tyunini Juni au Julai, mbao zikiwa zimekauka na kutulia. Isikae mkabala na dirisha la upande wa bahari, wala isigusane na ukuta wa nje.

Mkishapima, niandikie ni pini ngapi hazishiki na ziko sehemu gani. Zikiwa zimefuatana mahali pamoja, huenda ubao unaoshika pini umepasuka, na hapo supaglu haitasaidia.