Maswali ya Wasomaji: Kihispania kwa Anayeanza

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mwongoza watalii katika mashamba ya viungo upande wa Kizimbani. Kiingereza changu kinatosha kwa kazi, lakini tunapokea pia wageni kutoka Hispania ambao hawana raha na Kiingereza. Nimeweka programu ya kujifunzia katika simu na kila usiku naifungua. Majina ya rangi, wanyama na nguo nayajua, lakini mgeni akinisemesha sipati hata neno la kumjibu. Je, umri wangu umeshapita, au njia ninayoifuata ndiyo mbovu?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykumu ssalamu. Umri haujakupita. Kinachokukwamisha ni kuwa umekusanya majina matupu, ilhali mazungumzo hubebwa na vitenzi, na programu nyingi za simu humzoesha mtu kulitambua jibu lililokwisha kuandikwa kwenye kioo kuliko kulitoa kinywani mwake. Usiifute, iwe ya kupitishia muda ndani ya daladala, na kazi yenyewe uifanye kwa namna nyingine.

Anza na sauti, kwa sababu hapo umeshatangulia bila ya kujua. Irabu za Kihispania ni tano kama zetu na hutamkwa karibu sawa na zetu. Herufi j, pamoja na g inapofuatwa na e au i, hukaribia ile kh uliyoizoea tangu chuoni, uliposoma Kurani. D inapokaa baina ya irabu mbili hulainika ikawa kama dh ya dhahabu, na g iliyo kati ya irabu, ikifuatwa na a, o au u, husogelea gh ya ghali. Kwa watu wengi wa Hispania, z, na c inapofuatwa na e au i, hutamkwa kama th ya thamani, wakati watu wa Amerika ya Kilatini husema s. Kh na gh humhangaisha mwanafunzi aliyekulia Uingereza, nawe sauti hizi zote unazo tayari. Kilichobaki ni kidogo: h haitamkwi, b na v ni sauti moja, na rr hutetemeshwa kwa ncha ya ulimi, kwani pero ni lakini na perro ni mbwa.

Ugumu wa kweli uko kwenye sikio. Kiswahili humtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, ninasema, unasema, tunasema, ambapo Kihispania humtaja mwishoni: hablo, hablas, hablamos. Sikio letu, lililozoea kuipata habari hiyo mwanzoni, hulegea pale hasa ambapo Mhispania anaeleza nani ametenda na lini. Kwa hivyo tafuta rekodi fupi iliyoambatana na maandishi yake, isiyozidi dakika mbili, uisikilize mara nyingi kwa siku kadhaa, kisha uirudie kwa sauti huku ukiikazia miisho ya vitenzi. Rekodi moja iliyokukaa ni bora kuliko saa nzima ya habari za Radio Nacional de España, ambazo kwa sasa zitakupita tu masikioni. Vile vile usikate tamaa ukikutana na daktari wa Kicuba na ukashindwa kumfuata, kwani Wacuba wengi huimeza s ya mwisho, na hablas yao husikika karibu sawa na habla.

Baada ya hapo ziache rangi na wanyama, uchukue maelezo unayoyatoa kila siku shambani. Yakate yawe sentensi fupi: La canela es la corteza del árbol, mdalasini ni gome la mti, El clavo se seca al sol, karafuu hukaushwa juani, Se usa en el té, hutumika katika chai. Utaona kwamba vitenzi vichache, yaani es (ni), hay (kuna), tiene (ina), crece (huota), se seca (hukaushwa) na se usa (hutumika), vinaizunguka karibu ziara nzima. Shika mti mmoja kwa wiki, useme maelezo yake kwa sauti ukiwa peke yako, na usimsomee mgeni karatasi. Mgeni mwenye uso mkunjufu mwombe akusahihishe. Wengi hufurahi kuombwa.

Kila jina lishike pamoja na el (ya jinsia ya kiume) au la (ya kike) yake tangu siku ya kwanza: la pimienta, pilipili manga, el jengibre, tangawizi, la vainilla, vanila. Aliyelelewa na ngeli hashangai kuona kivumishi kikifuata jina lake, ila ajihadhari na la mano (mkono), el día (siku) na el mapa (ramani), ambazo mwisho wake hudanganya. Ser na estar, vitenzi viwili vinavyowatesa wengi, kwetu vina njia ya mkato isiyofika kila mahali lakini inayomtosha anayeanza: palipo na ni tumia ser, na palipo na yuko, iko au nime- ya hali, kama vile nimechoka, tumia estar. Kwa mgeni mtu mzima sema huela na pruebe, yaani nusa na uonje kwa heshima ya usted, ile wewe ya adabu. Akikuambia tú, wewe ya kirafiki, mfuate.

SWALI: Nahudumu mkahawani Kiwengwa na Kitaliano nakisema vizuri. Wenzangu wananiambia nisijisumbue na Kihispania kwa kuwa ni kile kile. Ni kweli?
Mhudumu, Kaskazini Unguja

JIBU: Si kweli, ingawa utaelewa mengi yaliyoandikwa, na hapo ndipo utakapodanganyika. Mtaliano akitaka burro utampelekea siagi. Kwa Mhispania burro ni punda, na siagi ni mantequilla. Gamba ya Kitaliano ni mguu, ya Kihispania ni kamba wa kuliwa. Caldo kwa Mtaliano ni kitu cha moto, kwa Mhispania ni supu, na chakula cha moto huitwa caliente. Aceto ni siki, lakini aceite ni mafuta, na mgeni aliyeomba mafuta akaletewa siki hatacheka. Kwa maoni yangu, jifunze Kihispania moja kwa moja kutoka Kiswahili, bila ya kukipitisha kwenye Kitaliano, na uwe na daftari dogo la maneno yanayogongana pekee. Anza kulijaza kwa orodha ya vyakula ya mkahawa wenu, kisha uongeze wingi wa majina, kwani Kitaliano hubadilisha irabu ya mwisho na Kihispania huongeza s au es.