Re: Siku mbili Mwanza, nione vinamasi na historia?

Mkuu, umeuliza pa kwenda nje ya mji kama una siku mbili na hupendi hoteli. Shika barabara ya Musoma.

Siku ya kwanza panda daladala hadi Kisesa, kisha bodaboda hadi makumbusho ya Bujora. Usikimbilie picha, kaa kwenye ngoma za watemi (machifu) wa Kisukuma, muulize mwenyeji ipi ni ya nani. Mimi nilisahau hata kula.

Kesho yake nenda Magu, Mto Simiyu unapoingia Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Fika saa kumi na mbili asubuhi. Mafunjo yamekuzidi kimo, umande unalowesha suruali hadi mapajani, na ndege mdiria anaelea hewani palepale kabla ya kujitupa majini kama jiwe. Tafuta mvuvi mwenyeji akuongoze, viboko si wa mzaha. Na usioge, kichocho kipo.

Ukibaki na muda, pita Kageye, alipofikia Stanley, yule mpelelezi Mzungu, mwaka 1875. Ni kijiji cha wavuvi tu, usitegemee jengo la maana. Sato wa kukaanga lakini, aisee!