Ruta ya kompyuta tatu: antena ziache kwanza

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, una kompyuta tatu na printa moja, unataka ruta (kisanduku cha kuziunganisha pamoja na intaneti), na umekwama kati ya ya antena mbili na ile ya antena sita.

Geuza boksi, usome kasi ya milango ya LAN, yale matundu ya kuchomeka nyaya za kompyuta. Mimi niliwahi kununua ruta iliyoandikwa "1200" kwa maandishi makubwa, kumbe milango ya nyuma ni ya megabiti 100 kwa sekunde. Kunakili faili la gigabaiti 10 toka kompyuta moja kwenda nyingine kulikula karibu robo saa, kwa sababu kasi haivuki megabaiti 12 kwa sekunde (baiti moja ni biti nane). Nilipoweka ruta yenye milango ya gigabiti (megabiti 1000), nyaya za mtandao zilezile, aina ya Cat5e, haikufika dakika mbili. Hiyo 1200 ni jumla ya kasi za bendi mbili za Wi-Fi, 2.4 GHz na 5 GHz, na kwa kawaida kifaa hutumia moja tu kwa wakati. Mbwembwe za boksi hizo.

Kompyuta zisizohama zipe waya. Laptop iweke kwenye 5 GHz ikiwa chumba kimoja na ruta. Kuta zikiwa nyingi, 2.4 GHz hupenya vizuri zaidi. Usiizime hiyo 2.4, printa nyingi zinaijua hiyo tu. Usalama wa Wi-Fi, kwenye mipangilio chagua WPA2 au WPA3.

Ila kabla hujatoa hela: kisanduku ulichopewa na mtoa huduma wako wa intaneti kina milango mingapi, na ya kasi gani? Kama tayari kinagawa anwani za IP (namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao) na shida ni milango michache tu, chomeka swichi (kisanduku cha kuongeza milango ya waya) ya gigabiti ya milango mitano, ruta huihitaji.